Kuhamisha korongo kuzunguka shimo la mgodi: hatua kwa hatua

Kila kiangazi kikianza swali ni lile lile: mwamba wenye mali (madini) umeelekea chini ya korongo la maji, tufanyeje? Vijiweni utapewa majibu mawili. Moja, panga viroba vya mchanga. La pili, chimba mfereji pembeni, maji yenyewe yatajua pa kupita. Yote mawili hufanya kazi vizuri sana hadi mvua kubwa ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni ndogo anayechimba shimo la wazi kwenye njia ya korongo au mto wa msimu, ule unaokauka kati ya Juni na Oktoba na ambao eneo linaloumwagia maji halizidi kilomita 2 za mraba. Mto usiokauka, au mkubwa kama Malagarasi na Ugalla, usiuguse kwa maelezo haya. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, yenye tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Ukiwa jirani na ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ambayo tangu mwaka 2000 ni eneo la Ramsar (ardhioevu inayolindwa kwa mkataba wa kimataifa), tarajia masharti makali zaidi.

Shika hili kabla ya yote: mfereji mara chache huvunjika katikati. Huvunjika mdomoni, maji yanapoingia, na mkiani, yanaporudi kwenye korongo. Watu wengi humalizia dizeli yote katikati, kisha mdomo na mkia wanaupiga kwa majembe wiki ya mwisho ya Oktoba huku mawingu yakiwaangalia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Livo ya kupimia yenye miguu mitatu na rula yake, ya kukodi, pamoja na mtu anayejua kuisoma. Isipopatikana kabisa, mpira mwangavu wa maji wa mita 10 hadi 20.
- Utepe wa mita 50, vigingi 60 hivi, kamba na rangi.
- Kijiko (ekskaveta) cha tani 20. Kwenye udongo wa kawaida kinatoa wastani wa mita 70 za ujazo kwa saa na kunywa lita 15 hadi 20 za dizeli.
- Rola la kushindilia. Tipa iliyojaa kifusi inaweza kushika nafasi yake ukiipitisha kwa mpangilio.
- Mawe magumu yasiyomeguka, ya ukubwa wa sentimita 15 hadi 30, pamoja na changarawe.
- Udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya tuta.
- Pampu ya shimoni. Mfereji hauizuii mvua inayonyesha ndani ya shimo lenyewe.
- Muda. Vibali na vipimo Aprili hadi Juni, kuchimba Julai hadi Septemba. Oktoba ibaki akiba. Ukiwa bado huna kibali mwezi wa tisa, subiri mwaka ujao.

Urefu wa ardhi usiupime kwa simu. Simu inaweza kukosea mita 5, 10 au zaidi, na mfereji wote tunaouzungumzia hapa unashuka sentimita 70 tu.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji kuhamisha

Chora mpaka wa shimo kama litakavyokuwa mwisho wa uchimbaji, na si kama lilivyo leo. Kosa hili ndilo linalogharimu kuliko yote: mfereji unachimbwa mita 15 kutoka ukingo wa sasa, miaka miwili baadaye shimo limepanuka na mfereji unaning'inia ukingoni. Mwamba ukiugusa ukingo wa korongo tu, mara nyingi ni nafuu kuuacha ule upande kuliko kuhamisha mkondo.

Hatua ya 2: Vibali

Kugeuza maji kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Mkoa wa Kigoma na sehemu kubwa ya Tabora viko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika. Lakini korongo lako likimwaga mto Manonga au Wembere, kama ilivyo sehemu za Igunga na Nzega, uko Bonde la Kati. Angalia maji yanaelekea wapi ndipo uandike barua. Ofisi ya mkoa wako haikuambii bonde lako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo usianze hata kufyeka kabla hujazungumza na NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) na Afisa Madini Mkazi, na mchepuko uonekane kwenye mpango wako wa utunzaji wa mazingira.

Halafu kuna mipaka. Leseni ya hekta 10 ikiwa mraba ina upande wa mita 316 hivi. Mfereji wa mita 350 karibu hakika utatoka nje yake. Unahitaji makubaliano ya maandishi na wenye mashamba na serikali ya kijiji, yenye mchoro. Na kabla ya mkutano, tembea kilomita moja kwenda chini. Utakuta wenye majaruba ya mpunga, na utakuta visima vya mchangani ambavyo akina mama wanachota kiangazi. Visima hivyo vinaishi kwa maji yanayopita chini ya mchanga wa korongo. Ukiukata mchanga huo vinaweza kukauka hata kama mafuriko bado yanapita juu. Jibu la hilo, pengine kisima kirefu cha kijiji, liwe mezani tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Pima maji yatakayokuja

Usikadirie kwa maji uliyoyaona mwaka jana. Mpango wa ukubwa wa mafuriko ambayo kwa wastani hutokea mara moja kwa miaka 10 una karibu nafasi 4 kati ya 10 za kuzidiwa ndani ya miaka 5 ya uchimbaji. Wa mara moja kwa miaka 50 una nafasi 1 kati ya 10. Watu wakiwa wanafanya kazi chini ya shimo, usishuke chini ya 50.

Hesabu yenyewe ni fupi:

Maji (mita za ujazo kwa sekunde) = 0.278 × C × mvua (milimita kwa saa) × eneo (kilomita za mraba)

C ni sehemu ya mvua inayotiririka. Miyombo yenye majani chini ni 0.2 hadi 0.3, mashamba 0.4, mbuga (tambarare ya udongo mweusi) iliyolowa au ardhi iliyokwanguliwa 0.6. Takwimu za mvua ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa au bodi ya bonde. Mfano: eneo la kilomita 1 ya mraba (hekta 100), C ya 0.4, mvua ya milimita 90 kwa saa. Jibu ni mita 10 za ujazo kwa sekunde. Hayo ni matenki kumi ya lita elfu, kila sekunde, kutoka kwenye korongo ambalo leo unalivuka kwa viatu vya ngozi.

Hakiki jibu kwa macho. Tafuta takataka zilizonasa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye magome, na uwaulize wazee na wachungaji maji yaliwahi kufika wapi. Alama za korongo zikionyesha maji mengi kuliko hesabu, fuata alama.

Hatua ya 4: Chagua njia

Umbali kutoka ukingo wa mwisho wa shimo: angalau mara mbili ya kina cha mwisho, na kamwe usipungue mita 30. Shimo la mita 20, mfereji ukae mita 40. Hii ni kanuni ya mkono kwa udongo wa kawaida. Ukuta wa shimo ukiwa umeanza kupasuka, au udongo ukiwa mchanga mtupu, ongeza.

Pitisha mfereji pale ambapo ardhi haipandi sana. Mfereji wa kitako cha mita 4 na kina cha mita 1.7 unatoa mita 12.6 za ujazo kwa kila mita ya urefu. Ardhi ikipanda ukalazimika kushuka mita 2.7, kifusi ni mita 25.4. Mita moja ya ziada imeongeza kazi mara mbili.

Kona ziwe pana. Nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tano ya upana wa maji juu.

Sasa maduara ya zamani, yaani mashimo ya wima ya wachimbaji waliotangulia. Tembea njia yote pamoja na wachimbaji waliokuwepo kabla yako, na uweke alama kwenye kila duara ndani ya mita 30 za njia, likiwemo lililofunikwa kwa magogo na udongo. Mengi yameunganishwa chini kwa chini. Mfereji ukipita juu ya duara lililozibwa kijuujuu, maji yatalifungua, na yatatokea walipo watu. Sogeza njia. Haiwezekani kabisa? Fukua hadi udongo mgumu na ujaze upya kwa tabaka zilizoshindiliwa. Magogo na kifusi cha kumwaga tu si kujaza.

Hatua ya 5: Chimba mashimo ya majaribio

Kila mita 50, kina mita 2, kwenye njia ya mfereji, na mengine mawili matatu kwenye korongo lenyewe litakapokaa tuta. Andika unachokuta. Huwezi kuupitisha mkondo wa kasi ile ile kwenye kila udongo. Kasi ya juu, kwa mita kwa sekunde:

- mchanga mtupu: 0.5
- tifutifu: 0.8
- mfinyanzi mgumu: 1.2 hadi 1.5
- moramu iliyoshikamana: 1.5

Fanya pia jaribio la glasi. Chukua donge kavu la udongo la ukubwa wa punje ya harage, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise, subiri saa moja. Likiporomoka tu na kutulia kama kichuguu kidogo chini, sawa. Ukiona maji pembeni mwa donge yanafuka weupe kama maziwa, na wingu linatambaa kwenye kitako cha glasi, udongo huo hujiyeyusha wenyewe. Tuta lake litatobolewa na maji kutoka ndani bila hata kufurika. Usiutumie. Utakutana nao zaidi kwenye maeneo tambarare yenye tabaka gumu la kijivu ambalo wakulima wa Kisukuma huliita itogolo.

Hatua ya 6: Panga ukubwa

Vipimo hivi ni kwa mfereji wa udongo uliochimbwa vizuri, kingo zikilala mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, kitako kikishuka sentimita 20 kwa kila mita 100:

- kitako mita 2, kina cha maji mita 0.8: unabeba mita 2.8 za ujazo kwa sekunde, kasi 0.96
- kitako mita 3, kina mita 1.0: unabeba 5.7, kasi 1.14
- kitako mita 4, kina mita 1.2: unabeba 10.0, kasi 1.3

Juu ya kina cha maji ongeza nusu mita ya akiba. Kwa mfano wetu tunachukua wa tatu: kina mita 1.7, upana juu mita 10.8. Kwa urefu wa mita 350 kwenye ardhi tambarare ni mita 4,400 za ujazo, kama saa 63 za kijiko, yaani siku nane, na dizeli kati ya lita 950 na 1,260.

Kasi ya 1.3 haiwezi kukaa kwenye mchanga wala tifutifu. Udongo wako ukiwa hivyo, punguza mteremko na upanue kitako, au panga mawe. Kwa kasi hiyo mawe ya sentimita 15 hadi 20 yanatosha kingo na kona.

Kosa la kawaida hapa ni kuufanya mfereji uwe mwembamba na wenye mteremko mkali ili kuokoa dizeli. Maji yanapita, ndiyo, na yanaondoka na kitako.

Hatua ya 7: Piga vigingi

Anza na alama moja isiyohama: msumari kwenye mti mkubwa au jiwe lililokaa. Pima urefu wa kitako cha korongo mdomoni na mkiani, kisha piga kigingi kila mita 10 na uandike juu yake kina cha kuchimba. Ukimaliza, rudi ukipima hadi kwenye alama ya kwanza. Tofauti ikizidi sentimita 3, rudia. Kwa mpira wa maji ondoa mapovu yote, na rudia kila kipimo mara mbili. Kwenye mteremko huu mita 10 zinashuka sentimita 2 tu, na povu moja linazimeza.

Hapa ndipo utakapojua hali ya mkia wako. Tuseme korongo la zamani linashuka mita 1.4 kati ya mdomo na mkia. Mfereji mpya wa mita 350 unashuka 0.7. Sentimita 70 zilizobaki hazijapotea: zinakusubiri mkiani kama poromoko. Lisipojengewa, litajichimbia lenyewe na kutambaa kurudi juu, mita kadhaa kwa mvua moja. Kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe tofauti hii huwa mita kadhaa, na utahitaji ngazi nyingi za mawe njiani.

Hatua ya 8: Chimba kutoka mkiani kwenda juu

Anzia chini ili maji yoyote ya ghafla yapate pa kutokea. Acha vizibo vya udongo asilia, upana mita 5 hadi 6, mkiani na mdomoni. Hutavigusa hadi hatua ya 11.

Kifusi kiweke upande wa shimo, mita 3 kutoka ukingo wa mfereji, ukishindilie kiwe tuta la pili la ulinzi. Kisizuie maji ya mvua yanayotoka shambani. Upande wa mlimani uache wazi, na sehemu za maji kuingilia uziwekee mawe. Kumbuka kifusi huvimba: mita 4,400 zilizochimbwa zinakuwa kama 5,500. Ukiamua kukihamisha ni safari 550 za tipa ya mita 10.

Marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu) yasitumike kamwe kujenga tuta wala yasirundikwe ukingoni. Hubebwa na maji kama unga, na yakitoka kwenye mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) inayotumia zebaki, umeipeleka zebaki kwenye visima vya jirani.

Hatua ya 9: Mkia

Mfereji uingie korongoni kwa pembe isiyozidi digrii 30, ukielekea maji yanakokwenda. Ukiingia kwa msalaba, unaukata ukingo wa pili, na ukingo huo kwa kawaida ni shamba la mtu.

Zile sentimita 70 zigawe kwa ngazi mbili za 35, za mawe au gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe). Chini ya kila ngazi laza mawe urefu wa mita 4, na mwisho kabisa mita 8. Hapa maji yanaweza kufika mita 2.5 kwa sekunde, hivyo mawe yawe ya wastani wa sentimita 30, unene wa tabaka sentimita 60, juu ya changarawe ya sentimita 15. Changarawe ndiyo watu huiruka. Bila hiyo udongo hufyonzwa kupitia mianya ya mawe, na mawe hushuka moja moja hadi yasionekane.

Hatua ya 10: Tuta la mdomoni

Kazi kubwa iko hapa. Ila tuta lisizibe njia ya zamani hadi hatua ya 11. Korongo lina mchanga kwenye kitako, na maji hupita ndani ya mchanga huo mwaka mzima hata juu kukiwa kukavu. Ukilikalisha tuta juu ya mchanga, mafuriko yatazuiwa na shimo litajaa maji vilevile.

Chimba mtaro wa msingi kukata korongo lote, upana mita 2, ukipenya mchanga wote hadi mfinyanzi au mwamba, kisha sentimita 50 ndani yake. Ingiza mtaro mita 2 ndani ya kila ukingo. Pampu iwe jirani, na kuta za mtaro zilaze. Mchanga uliolowa huanguka bila kuonya, na asiingie mtu kwenye mtaro wa kina cha kifua usiolazwa.

Ng'oa mizizi yote. Mzizi wa muyombo ukioza ndani ya tuta huacha bomba. Vichuguu vilivyo hai chini ya tuta fukua hadi mwisho wa matundu. Udongo wa kichuguu wenyewe, ule ule wa matofali na sakafu, mara nyingi ndio mfinyanzi bora utakaoupata jirani, ila upitishe kwenye jaribio la glasi kwanza.

Jaza mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ipigwe na rola mara 6 hadi 8. Kwa shindilio la mkono, tabaka za sentimita 10. Unyevu pima hivi: finyanga donge kwenye kiganja. Likivunjika vipande viwili vitatu ukilidondosha kutoka kiunoni, uko sawa. Likisambaratika, nyunyiza maji. Likibonyea kama ugali, subiri likauke.

Vipimo vya tuta: upana juu mita 3, upande wa maji mita 2.5 kwa 1, upande wa shimo 2 kwa 1. Kimo ni kina cha maji cha mfereji na mita 1 juu yake, kwetu mita 2.2. Jenga 2.4 kwa sababu litashuka. Upande wa maji funika kwa mawe, hasa pale mkondo unapopiga kona kuingia mfereji. Lilaze tuta kimshazari kuusindikiza mkondo mdomoni. Lisisimame kama ukuta mbele yake. Upande wa shimo panda ukoka.

Hatua ya 11: Fungua maji

Fanya kiangazi, korongo likiwa kavu au likichuruzika. Ondoa kizibo cha mkiani, kisha cha mdomoni, na chote: kizibo kilichobaki sentimita 30 ni kizuizi. Ndipo ukamilishe tuta kukata njia ya zamani. Ukianza kuziba kabla mfereji haujafunguka, mvua moja ya mapema itakunywea tuta lote. Samaki waliobaki kwenye vidimbwi wahamishiwe chini ya mkia.

Usisahau ng'ombe. Wakikosa njia watajitengenezea wenyewe, na kundi la ng'ombe mia linaweza kuvunja ukingo kwa wiki moja. Jenga kivuko cha upana wa mita 6, mteremko wa 6 kwa 1, kimepangwa mawe, kwenye njia yao ya zamani.

Hatua ya 12: Maji ya shimo na ulinzi

Shimo la nusu hekta likinyeshewa milimita 60 linapata mita 300 za ujazo. Pampu ya inchi 3 ya petroli imeandikwa lita 1,000 kwa dakika, lakini ikisukuma kimo cha mita 20 tarajia nusu. Ni saa kumi za kupampu. Pampu ya aina hiyo pia hainyonyi kutoka kina kinachozidi mita 7, hivyo ikae kwenye ngazi ya chini ya shimo.

Simika mti uliopakwa rangi mdomoni: kijani hadi sentimita 60, njano hadi 90, nyekundu juu yake. Maji yakifika njano watu wote watoke shimoni, iwe mvua inanyesha mgodini au la. Mafuriko ya korongo dogo hutoka kwenye wingu lililonyesha juu, na hayachukui saa nzima kufika. Masika yote awepo mtu wa kuangalia, hata usiku, mwenye simu yenye chaji na filimbi.

Mambo yakienda vibaya

*Shimo linavuja upande wa tuta ingawa maji hayajafurika.* Angalia rangi. Maji safi yanayotiririka kwa kiasi kile kile: yakusanye kwenye kisima kidogo, pampu, pima kila siku. Maji yenye tope: udongo wa tuta unabebwa. Toa watu mara moja, mwaga changarawe kisha mawe juu ya mahali yanapotokea ili kuzuia udongo usitoke, na punguza maji upande wa juu. Usizibe kwa mfinyanzi upande wa shimo. Maji yatatafuta tundu jingine. Dawa ya kudumu ni kufukua na kufikisha mtaro wa msingi kwenye mfinyanzi.

*Mchanga unajaa mdomoni.* Kitako cha mfereji kimekaa juu kuliko cha korongo, au mdomo ni mpana mno na maji yanapoteza kasi. Rekebisha kitako, na uondoe mchanga kila baada ya mvua kubwa. Mchanga wa sentimita 40 kwenye maji ya mita 1.2 umekula theluthi ya kina chako.

*Kitako kinachimbika.* Tafuta chanzo chini, si pale unapoona shimo. Mara nyingi ngazi ya mkiani imevunjika na mmomonyoko unapanda. Ukijaza shimo pekee, litarudi.

*Ukingo wa nje wa kona unaliwa.* Mawe hayakushuka vya kutosha. Yachimbie sentimita 60 chini ya kitako, kisha uyapandishe hadi juu ya kimo cha maji.

*Nyufa kwenye tuta wakati wa kiangazi.* Umetumia udongo mweusi wa mbuga. Nyufa za juu juu zifukue, lowesha, shindilia upya na ufunike kwa sentimita 30 za changarawe. Ufa unaokwenda kutoka upande wa maji hadi upande wa shimo hauzibwi kwa juu. Kata kipande hicho na ukijenge tena kabla ya Novemba.

*Nyufa kati ya mfereji na shimo, sambamba na ukingo.* Ukuta wa shimo unaelekea kuondoka pamoja na mfereji. Simamisha uchimbaji upande huo, piga vigingi viwili viwili pande zote za ufa, na pima umbali wake asubuhi na jioni. Ukipanuka siku mbili mfululizo, ondoa watu na mitambo, mjulishe Afisa Madini Mkazi, na usirudi shimoni hadi mhandisi ameukagua ukuta.